Majani Mafupi ya Ufukweni

Mama Consolée aliganda, fimbo ya gofu ingali hewani. Nyuma yake kitu kizito kilikuwa kikitafuna.

Kiangazi hiki alikuwa ameyarudia masomo ya gofu ili apumzishe kichwa. Mwalimu wake Michée, mgeni kutoka Bukavu, alijivunia uwanja wa bure aliouvumbua ufukweni mwa ziwa, wenye majani mafupi, laini. Naye Consolée, mzaliwa wa Uvira, hakujiuliza hata siku moja nani huyakata.

“Mwalimu,” alinong’ona, “iko nini nyuma yangu?”

Alisikia tu viatu vya Michée vikitimua mbio kuelekea barabarani.

Sasa alimjua mkataji. Kiboko alikuwa amekuja kula, na Consolée alikuwa amemzibia njia ya kurudi ziwani.

Kisha kutafuna kukakoma.