Taa ya Kijani Nyuma ya Printa

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni taa ndogo ya kijani nyuma ya printa, kwenye tundu la waya. Ilikuwa ikipepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga.

"Dada Sihaba, umeiona?" aliniuliza Yunus, fundi. "Ikipepesa hivyo, waya uko hai. Ikizimika, printa haimsikii mtu."

Nilitabasamu tu. Mimi si msemaji.

Ofisi ile ya Bagamoyo mjini ni ya ndugu wawili. Kaka Mrisho, mkubwa, ni dalali wa mananasi. Mdogo wake, Haidar, anaandika mikataba na barua za watu. Zamani printa ilikaa chumbani kwa Haidar. Sasa walitaka kuitumia wote, ndipo Yunus akaihamishia koridoni, akavuta waya kutoka kila chumba hadi kwenye kiboksi cha mtandao, na mwingine kutoka kiboksi hadi printa. Akajaribu, karatasi zikatoka vyumba vyote viwili.

Kazi yangu ni kudeki. Haidar alinikanya tangu siku ya kwanza: "Kabla hujamwaga maji, chomoa kila waya unaogusa sakafu. Utakuja kutuua." Wa umeme ulipita juu ukutani, sikuugusa. Wa mtandao, ule unaoingia kwenye printa, ulilala chini. Nikauchomoa, nikadeki. Taa ilizimika.

Haidar alitoka mara mbili kutazama printa. Hakuna kitu. Nikamsikia chumbani akibonyeza kuchapa tena na tena, akisonya. "Fundi gani huyu!" Adhana ya adhuhuri ikaita, wanaume wote wakaenda kuswali. Sakafu ilipokauka nikaurudisha waya. Printa ikakohoa, karatasi zikaanza kutoka, zile zile, mara nne.

Mrisho ndiye aliyetangulia kurudi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Sihaba. Hizi zangu?"

Alisoma akiwa amesimama. Ulikuwa mkataba wa kuuza shamba la marehemu baba yao, kule Makurunge, na chini pameandikwa kuwa yeye, Mrisho, ameridhia.

Haidar aliporudi hakuwahi hata kuvua viatu. Kaka yake alimkamata ukosi, akamgonga kichwa ukutani. Akamgonga tena.

"Nimeridhia lini? Sema! Nimeridhia lini, mbwa we?"

"Kaka, utaniua!"

"Udongo wa baba haujakauka, wewe unauza!"

Akamtwanga stepla mdomoni. Jino lilianguka kwenye sakafu niliyoideki. Mrisho akazikunja karatasi, akasema anawapelekea wajomba wazione, akatoka.

Haidar alikuwa bado anatema damu Yunus alipoingia kutoka msikitini, kofia kichwani, anacheka. "Vipi, bosi, printa inafanya kazi?"

Haidar alilichukua koleo kwenye mkoba wa vifaa ambao Yunus mwenyewe aliuacha koridoni.

"Nani kakutuma uzizuie karatasi zangu, uje uzitoe mbele yake?"

"Wallahi, bosi, sijui unachosema!"

Alimwangusha kwa teke, akamkanyaga kifundo cha mkono wa kulia, akapiga vidole kwa koleo. Nilisikia mfupa. Yunus alipiga ukelele, Haidar akapiga tena, na tena, anahema, damu ya mdomo wake ikimdondokea mwenzake shingoni.

"Hutaunganisha tena kitu mji huu!"

"Dada Sihaba!" Yunus alinigeukia. "Mwambie! Uliiona taa ikiwaka!"

Nilikuwa nimelikumbatia dekio. Nikautazama ule waya. Majirani ndio walioamulia ule ugomvi, wakamtoa Yunus akiwa amebebwa.

Vidole viwili havikurudi sawa. Kushika vile viwaya vyembamba hawezi tena. Na mjini wanasema ni fundi anayevujisha siri za watu, hata redio ya kutengeneza hawampi. Sasa anauza vocha pale stendi. Nikipita ananisalimu kwanza yeye, kwa mkono wa kushoto.

Yunus, taa ilizimika. Waya niliuchomoa mimi, nikaurudisha mimi. Wewe hukufanya lolote.