Nguzo ya Nyuma ya Champaben

Jashvant Mistri alikuwa fundi seremala kwa miaka arobaini na mitatu katika mitaa ya ndani ya Ahmedabad, na hakudharau mtu kama yule anayesifia mbao bila kujua kushika patasi. Kwa hiyo mkwewe alipomwandikisha katika matembezi ya Jumapili ya kutazama majumba ya kale, alikwenda mdomo ameubetua tayari.

Kiongozi wao, Parthiv, alikuwa kijana mwenye shati refu la kurta lililopigwa pasi likasimama kama kadi ya harusi, na kipaza sauti kidogo shingoni. Wageni kumi na wawili kutoka Mumbai walimfuata wakipiga picha kila kitu, hata ng'ombe aliyelala mlangoni.

"Nyumba hii ina miaka mia tatu," Parthiv alitangaza mbele ya nyumba ya bibi mmoja, Champaben, "na haina msumari hata mmoja!"

Jashvant akacheka puani. "Ina misumari sitini na kitu. Niliipigilia mimi baada ya tetemeko."

"Mzee wangu, maswali mwishoni."

"Nani kakuuliza swali?"

Wageni wakatazamana. Parthiv akaharakisha kuonyesha kasuku aliyechongwa juu ya mlango. "Aliyemchonga huyu, sultani aliamuru akatwe mkono, asije akachonga mwingine."

"Masikini!" mama mmoja akashika kifua.

"Usilie, dada," Jashvant akasema, akiinua mkono wake wa kulia. "Mkono huu hapa. Kila asubuhi unakula jalebi."

Walicheka wote isipokuwa Parthiv. Akawaingiza uani upesi, akawaambia wapande roshani ya nyuma wapige picha ya pamoja. "Nguzo hizi zimebeba karne tatu, zitashindwa kutubeba sisi?"

Jashvant alitupa jicho kwenye nguzo ya nyuma, akaona unga laini umejikusanya chini yake. Akaenda kusimama kwenye ngazi iliyokuwa kando yake, mikono kiunoni.

"Hapandi mtu."

"Mzee, sasa unaniharibia kazi!"

Jashvant alichomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akaibonyeza kwenye nguzo kwa kidole kimoja. Ikazama hadi nusu, kana kwamba ameichomeka kwenye keki. Mchwa walikuwa wamekula ndani yote wakaacha rangi. Yule mama aliyekwisha kanyaga ngazi ya kwanza akarudi nyuma taratibu.

"Haya, msomi," Jashvant akasema, "tuambie na hii aliikata sultani gani."

Hapo ndipo Champaben mwenyewe, mjane wa miaka themanini, alipotokeza jikoni, kifimbo cha kusukumia chapati mkononi.

"Jashu! Kumbe hujafa?"

"Champaben, nilikuwa nawaeleza hawa—"

"Unaeleza! Mwaka wa tetemeko uliniambia, 'Hiyo ya nyuma nitairudia Jumatatu.' Ni Jumatatu ya dunia gani hiyo? Mwenzio anawadanganya wageni wanaoondoka kesho. Wewe umenidanganya mimi ninayelala chini yake!"

Safari hii Parthiv ndiye aliyecheka. Masikio ya Jashvant yalimwaka moto. Aliichomoa penseli yake, akaanza kuipima nguzo kwa shubiri.

Kesho yake kulipopambazuka alikuwa uani na mihimili ya kuegemeza roshani, msumeno na gogo la msaji. Champaben alikaa juu ya kiti akimsimamia, akimwita mvivu kila alipoinua mgongo. Hakumpa chai mpaka nguzo mbovu iliposhuka.

Alhamisi Parthiv alifika na kundi jingine. Alimwona Jashvant amepiga magoti katikati ya vumbi la mbao, akashusha sauti kwa heshima nyingi.

"Na huyu, mabibi na mabwana, ni kizazi cha saba cha maseremala wa kasri."

"Baba yangu alikuwa anaziba pancha za baisikeli," Jashvant akasema bila kuinua kichwa. "Sogea, unaniziba mwanga."