Fremu Iliyolia Kama Chungu

Kitendawili: nina farasi asiyekula nyasi, nikimwacha asimame peke yake huanguka. Ni baiskeli. Ya mjukuu wangu Lilian ilianguka naye juzi alipokuwa akimkwepa ng'ombe njia ya Natta, na Jumamosi ana mashindano.

"Bibi, ni mkwaruzo tu," alisema. "Fundi atapaka rangi."

Fundi Bushiri, aliyekuja nyumbani kuitazama, akatikisa kichwa. "Fremu hii ya kaboni haichomelewi kama chuma. Ikiwa imepasuka ndani, ni ya kubadilisha."

Nikachukua sarafu, nikaigonga fremu polepole, kama ninavyopima vyungu mnadani Busawe. Ti, ti, ti. Penye mkwaruzo ikajibu kwa sauti nzito: du. Nikarudia. Du.

"Chungu kikilia hivi, mama, sikipeleki jikoni. Na hii huipandi tena."

Machozi yakamtoka Lilian. "Basi Jumamosi siendi?"

"Nani kasema? Bushiri, nishushie ile ya marehemu babu yake pale darini."

"Ile ya chuma? Bibi, nitakuwa wa mwisho!"

"Wa mwisho naye hufika."

Bushiri akacheka, akapanda darini akaishusha. Lilian alikuwa ameshafuta macho, anajipimia kiti.