Magodoro ya Nibia

Mwaka mzima Nibia Larrosa hakuweza kununua mkate bila mtu kulia kama farasi. Akikanyaga tu mlango wa duka la Elbio, sauti ilitoka nyuma ya magunia ya viazi, "Hiiihihihi!" na wanaume wazima wenye wajukuu wakainama wakishika mbavu. Elbio mwenyewe, aliyejifanya mstaarabu, aliuliza huku akifunga mkate:

"Leo ni hii tu, Bi Nyasi, au nikupimie na shayiri kidogo?"

Kosa lilikuwa lake, hilo hakulikataa. Mwaka uliotangulia alivuna bangi nzuri, maua mazito yanayonata vidoleni, halafu mvua ikaanza na yeye akaingiwa na haraka. Akaitundika juu ya jiko la kuni. Ikakauka upesi, ikapitiliza, ikawa inavunjika kama biskuti na kunuka kama nyasi za zizini. Kutaka kuponya, akadondosha maganda ya chungwa ndani ya chupa, kama anavyoyatia kwenye yerba, chai yake ya majani ya asubuhi. Maganda yalirudisha unyevu kweli, na unyevu ukaja na ukungu wenye manyoya. Siku ya mashindano ya kuonja, alipofungua kifuniko mbele ya watu, mmoja alipiga chafya, na Dardo Iturralde akauliza farasi mwenyewe kafungwa wapi.

Mambo hayo yalitokea mjini Minas, nyuma ya stesheni ya zamani, kwenye klabu ambayo mbele watu hucheza kurusha matufe na nyuma huzungumzia bangi. Wanachama wote wamejiandikisha serikalini, kila mmoja na miche yake halali nyuma ya nyumba. Na wote hupanda vipandikizi vya mama mmoja, mche mnene unaoishi klabuni ndani ya pipa, chini ya taa. Kwa hiyo hakuna wa kusingizia mbegu. Jua ni lilelile, mvua ni ileile. Tofauti inakuja baada ya mavuno, kwenye mkono wa kukausha na kuvundika. Anayeshinda, mche ule wa pipani hupewa jina lake mpaka mashindano mengine, na mtaa mzima huutaja hivyo.

Kwa miaka mfululizo mche ule uliitwa Dardo.

"Dardo wangu kaingiwa na wadudu," watu waliambizana kwenye foleni ya benki. "Mnyunyizie maji ya sabuni. Wangu yeye ananenepa tu." Dardo mwenyewe, fundi wa friji, mwenye sauti ya kuuzia samaki na tumbo la kuwala, alipita kati yao na themosi kwapani akivimba kama mkate tanurini.

Nibia alilitaka jina hilo. Maishani mwake alikuwa ameitwa mke wa Milton, kisha yule aliyeachwa na Milton, ambaye aliondoka na redio, mbwa na mpiga kinanda wa kanisani, na sasa Bi Nyasi. Alitaka, kabla hajazikwa, aitwe Nibia, na mtaa mzima, na kwa sauti.

Mwaka huu alivuna mwezi wa Aprili akisaidiwa na wifi yake Zulma, dada wa Milton yuleyule. Ndoa ilipovunjika Zulma alichagua kubaki upande wa Nibia, kwa sababu, alisema, kaka yake hajui kupika. Walikata matawi mazima, wakavua majani makubwa, na walipoingiza tawi la mwisho sebuleni mvua ikamwagika kana kwamba ilikuwa imejificha nyuma ya mlango ikiwasubiri.

"Imekuja kukuamkia," Zulma alisema.

"Wifi, funga mdomo na dirisha."

Mvua haikukoma. Milima ikapotea kwenye mawingu, na nyumba za mtaa zikaanza kutoka jasho. Chumvi iliganda kwenye kopo, viatu vikaota kijani, ukutani maji yakashuka kwa mistari. Kila bomba la moshi lilikuwa likifuka. Nibia alijua kinachoning'inia juu ya kila jiko. Dardo, yeye, alikuwa na mashine ya kunyonya unyevu aliyoiunda mwenyewe kutoka kwenye friji kuukuu, na alipita nyumba hadi nyumba kuisifia.

Akafika na kwa Nibia, koti likichuruzika, kibuyu cha yerba mkononi.

"Jirani! Nimepita kukupa pole mapema."

"Nani kafa?"

"Bado. Lakini kwa unyevu huu, hao uliowatundika sebuleni hawafiki Jumapili." Alinyoosha shingo kuchungulia. "Washa jiko, bibie. Farasi wa mtaa mzima wamesimama na sahani."

"Waambie wakuanzie wewe, una nyama zaidi."

Zulma alicheka mpaka akamwaga chai. Dardo naye alicheka, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mshindi tu, na ugonjwa huo hauna dawa ya dukani. Lakini mlango ulipofungwa, Nibia aliyapapasa maua, akakuta yamelowa kuliko alipoyakata.

Alizunguka nyumba na kitambaa akifuta kuta. Jikoni kulikuwa kunalia. Ukumbini kunalia. Chumbani kwake ndiko kulia kwa msiba. Akafungua kichumba cha mwisho, stoo ya vitu asivyoweza kuvitupa, akaweka kiganja ukutani. Pakavu. Akaweka na kiganja cha pili, kama asiyekiamini cha kwanza. Pakavu vilevile.

Humo hamkuwa na kitu isipokuwa magodoro ya marehemu mama yake, magodoro ya zamani ya sufu ya kondoo, yaliyosimamishwa ukutani kama wazee kwenye foleni ya pensheni. Alijaribu kuvuta moja. Lilikataa. Lilikuwa zito kama ng'ombe mwenye mimba.

"Zulma! Njoo unishikie mzee huyu!"

Walilikokota mpaka mbele ya jiko, likaanza kutoa mvuke. Lilifuka hivyo mchana kucha, dirisha la jikoni wakiwa wameliachia upenyo mvuke upite, na jioni Nibia alipolinyanyua, lilikuja kama mto wa mtoto.

"Limekunywa chumba kizima," alisema polepole. "Wifi, hili limekunywa maji ya chumba kizima."

"Sasa?"

"Sasa jiko nitawasha. Ila si la bangi, ni la magodoro."

Waliyahamishia matawi kichumbani, wakayatundika kwenye kamba yakiwa yameachana. Wakaziba dirisha na blanketi kuukuu ili giza likae, wakaweka feni ndogo iliyoangalia ukuta isije ikayapiga maua usoni. Magodoro yakazunguka pande zote. Kila siku moja lilitoka kwenda kukaushwa jikoni na lililokauka likarudi zamuni.

Siku jua lilipochomoza dakika chache, waliyatoa uani. Hapo ndipo mtaa ulipopata habari.

"Bi Nyasi anaanika magodoro!"

"Yote?"

"Yote! Na jana moja lilikuwa likifuka jikoni, na juzi jingine!"

"Basi amerudi kukojoa kitandani, masikini. Ni uchungu wa Milton."

"Uchungu gani? Godoro halilowi hivyo kwa uchungu. Huyo kapata mwanamume!"

Elbio wa dukani alimwuliza waziwazi mgeni wake anakula nini, ili aagize. Nibia akajibu kwamba hali kitu, anakunywa tu, na anakunywa sana. Duka zima likaguna. Kwa mara ya kwanza walisahau kulia kama farasi.

Lakini nyumbani mambo hayakuwa ya kuchekesha kiasi hicho. Wiki ilikwisha, na vijiti vya maua vilikuwa bado vinapinda kama uzi badala ya kuvunjika. Zulma alianza kunung'unika kwamba kwa Dardo wameshakata na kutia kwenye chupa. Kisha asubuhi moja, akipekua tawi la pembeni kwa tochi, Nibia aliona ua lenye rangi ya majivu katikati. Akalipasua. Ukungu.

Akakaa juu ya ndoo. Alishawahi kupoteza mume, kazi kiwanda kilipofungwa, na meno mawili kwenye ngazi iliyoganda barafu; kote huko aliinuka akijicheka. Hapa kicheko hakikuja. Alisikia tayari lile duka likilia hiiihihihi mpaka siku ya maziko yake.

"Washa jiko," Zulma alisema, kiberiti mkononi. "Tuyatundike yote jikoni, leo yamekauka. Nyasi angalau inavutika, wifi. Ukungu hauvutiki."

Nibia alikitazama kiberiti. Alikuwa ameshashika tawi la kwanza kulishusha kutoka kwenye kamba, na tawi lilipoyumba, harufu ikatoka, kali na tamu kidogo, bado haijajua inataka kuwa nini. Nyasi haikuwamo ndani yake. Mwaka jana, kufikia hapa, ilikuwa imeshatawala nyumba.

Akaliachia tawi.

"Kiberiti hicho ni cha godoro," alisema. "Washa. Tunatoa mawili kwa mpigo. Na leta mkasi."

Alikata tawi zima lenye ugonjwa, na la jirani yake kwa kulishuku, akayatupa motoni bila kuyatazama mara ya pili. Yaliyobaki aliyapanua nafasi. Kisha wote wawili, wanawake wenye migongo ya kulalamikiwa, wakabeba magodoro mchana kutwa, nenda rudi, wakitukana kwa zamu.

"Milton angekuwepo angetusaidia," Zulma alihema.

"Milton angekuwepo angelala juu yake."

Siku vijiti vilipokubali, Nibia alikuwa peke yake kichumbani. Alikipinda kimoja chembamba, akitegemea kipinde kama jana. Kikasema tak! Akapinda kingine. Tak! Akatoka mbio ukumbini, kijiti mkononi, akamvunjia Zulma cha tatu sikioni. Zulma akampiga kofi la bega, kisha wakakumbatiana, kisha Zulma akaanza kukaanga maandazi bapa, chakula cha siku za mvua, maana mvua ilikuwa bado inanyesha na furaha nayo inataka mafuta.

Wakanyoa majani madogo, wakatia maua kwenye chupa za kioo bila kuyashindilia, na kuvundika kukaanza. Kila asubuhi Nibia alizifungua chupa zipumue, akaingiza pua, akafunga. Mwanzoni zilinuka majani mabichi. Chupa moja ilitoka na unyevu. Akayamwaga maua kwenye karatasi yapate hewa, akayarudisha. Hakutia ganda la chungwa. Zulma alipomenya chungwa mle ndani alifukuzwa nje nalo kwenye mvua.

Kisha, taratibu, harufu ikaanza kujijua. Siku hii limau, siku ile pilipili manga, mpaka asubuhi moja alipofungua kifuniko na Zulma akaita kutoka jikoni, "Nani kaingia?"

Mashindano yalifanyika alasiri ya siku ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa Juni, kabla ya moto wa sikukuu kuwashwa. Mezani zilipangwa chupa za namna moja, zisizo na jina juu. Jina lilikuwa chini, limefunikwa kwa plasta. Mbele ya kila chupa kikombe. Kila mwanachama alipewa harage moja la kuhesabia karata, anuse, aonje kama anataka, aangushe harage penye haki.

"Bi Nyasi, umeleta na mgeni wako?" mtu alipiga kelele. "Yule mnywaji?"

"Kalala, kachoka. Nyie mngemweza?"

Watu walipita wakinusa. Kwenye chupa iliyokuwa karibu na ukingo, mstari ulianza kukwama. Mtu alinusa, akasogea, akarudi. Elbio alinusa mara tatu na kusukumwa. Maharage yakadondoka kikombeni mwake, ka, ka, ka, na Nibia, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, hakuthubutu hata kuhesabu matufe ya uwanjani.

Dardo alikuja mwisho, kama desturi ya washindi. Alinusa hizi na zile kwa ufupi, kama daktari mwenye haraka. Kwenye ile ya ukingoni akasimama. Akafumba macho. Akatoa ua, akaliminya, likarudi lilivyokuwa. Akavunja kijiti chake, kikalia. Akasokota, akavuta, akaacha moshi utoke wenyewe puani.

"Waheshimiwa," alisema kwa sauti ya kuuzia samaki, "sheria inakataza kujipigia kura, lakini mzazi hawezi kumkana mwanawe. Huu ni mkono wangu. Upole huu unatoka kwenye mashine yangu. Nisameheni!" Na akaangusha harage lake.

Vikombe vikahesabiwa. Kile cha ukingoni kilikuwa kimejaa, vingine vilibaki vikitazamana. Mwenyekiti wa klabu akageuza chupa, akabandua plasta, akasoma, akasogeza miwani, akasoma tena.

"Nibia Larrosa."

Zulma akapanda juu ya kiti na kutoa yowe ambalo Milton alilisikia popote alipokuwa. Klabu ikalipuka. Nibia alisukumwa mbele kwa mabega na migongo, akabusiwa na watu aliowadai matusi ya mwaka mzima, akacheka, na kicheko kilipoanza hakikutaka kutoka kwa adabu, kilitoka kwa mapigo, mpaka akashika meza.

Dardo alikuwa amesimama, kipisi kimezima mdomoni.

"Jirani," alisema akikitoa. "Hii umeikausha wapi?"

"Kati ya magodoro ya mama."

"Nibia, mimi ni mtu mzima. Usinitanie."

"Sikutanii. Magodoro ya kondoo. Yalikuwa yanakunywa."

Dardo alitafuta mzaha usoni pake, na alipoukosa akakaa chini, akajimiminia grapa, pombe kali ya asali, akamimina na ya pili akampa.

Wakaenda wote nyuma, kwenye chumba cha pipa. Desturi ni kwamba aliyepoteza jina ndiye hulitangaza jipya, akimwagia mche tone la grapa kwenye udongo. Dardo alimwaga. Alisafisha koo.

"Kuanzia leo," alisema, "mche huu ni Nibia."

Nibia alisimama mbele yake na glasi yake, nywele zimetimka, mkono mwingine umeshika kiuno.

"Sikusikia, mpenzi. Wewe ndiye mwenye sauti mtaa huu."

"Nibia," alisema Dardo, akianza kucheka.

"Wa huko kwenye uwanja wa matufe hawajasikia."

Dardo akavuta pumzi mpaka kifungo cha shati kikajuta, akatoa uso mlangoni, kwenye mvua iliyorudi, akaguruma jina lile, na klabu nzima ikalidaka, na mbwa wa stesheni wakaitikia, na vifuniko vya chupa vikatetemeka mezani.

"Haya, hapo sawa," alisema Nibia. "Mara moja tena, na nyie wa nyuma muimbe."