Jumbe za Bondeni

Mpimaji wa mtandao alishuka bondeni asubuhi, kipimo kikining'inia begani na kofia ya ofisi ikimbana kichwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vitongoji vya pembezoni mwa jiji, kusimama nje ya nyumba za watu, kuwasha kipimo na kupaka rangi kwenye ramani: kijani palipo na mtandao, nyekundu pasipo nao. Ramani hiyo ndiyo ingeamua mnara mpya usimamishwe wapi. Bonde hili aliliomba mwenyewe, kwa sababu ndiko alikohamia mama yake mdogo, aliyemlea, baada ya nyumba yao ya zamani kubomolewa kupisha barabara. Tangu wahamie hakuwahi kuwatembelea. Alikuwa amenuna.

Kununa kwenyewe kulikuwa kwa upande mmoja. Mtoto wa mama mdogo, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi tangu utotoni, alikuwa amemaliza masomo na kukaa tu nyumbani. Mpimaji akahangaika, akamtafutia nafasi ya mafunzo ofisini kwao, nafasi ambayo watu walikuwa wakiivizia kwa udi na uvumba. Akamtumia ujumbe wa sauti kwamba aje na vyeti. Ujumbe ukabaki na tiki moja. Akatuma wa pili, wa tatu, tiki ikawa ileile moja. Akaamini amefungiwa simu, hasira zikampanda, nafasi ikaenda kwa mtu mwingine. Mtu huyu alikuwa akilipwa kujua mtandao unafika wapi na hauendi wapi, lakini siku hizo zote wazo hilo halikumpitia kichwani hata kwa bahati mbaya.

Alipofika, bonde zima lilikuwa likifagia. Jumbe zisizofika huanguka pale kunapopambazuka, nyepesi kama maganda ya vitunguu, rangi ya kijivu, na hulala uani mpaka zizolewe. Ukiokota mmoja ukauweka sikioni, unasema. Zikilowa mvua hunung'unika tu, kwa hiyo watu hujitahidi kuziwahi. Jirani mmoja mwenye koleo aliukanyaga mmoja, nao ukatangaza kwa sauti ya kiume kwamba mtoto amezaliwa salama na anafanana na babu yake. Jirani akaendelea kuzoa. Mtoto huyo alikuwa mgongoni mwake, na alikuwa ameshaota meno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pitia huku ukutani, hapo utakanyaga salamu za watu."

Mama mdogo hakuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Alimpa kigoda, akamletea chai, kisha akaingia ndani na kurudi na beseni lililofunikwa kwa khanga kuukuu. "Za kwako tuliziweka pembeni," alisema. "Za wengine zinakwenda shimoni, lakini zako niliona si vizuri."

Mpimaji akaokota wa juu. Ulikuwa na sauti yake mwenyewe, ya furaha, ikisema: Chiriku, njoo kesho asubuhi na vyeti vyako, usichelewe, nimekupatia. Akauweka chini akachukua mwingine, na mwingine, huku chai ikipoa. Wa mwisho aliujua kabla haujafika sikioni: Kumbe una dharau kiasi hiki? Umenifungia mimi? Basi kaa hukohuko na shida zako, usije ukanijua.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na fagio. Hakuwa chiriku tena. Alikuwa amekuwa mwanamke mtaratibu, wa maneno ya kupimwa.

"Ule wa kwanza ulinasa kwenye paa la choo," alisema. "Upepo ndio ulioushusha. Nilioga, nikaja ofisini kwenu siku hiyohiyo. Mlinzi akaniambia nafasi imeshajaa."

"Sasa mbona hukuniulizia, mdogo wangu? Nilikuwa ndani."

"Wa mwisho nilikuwa nimeshausikia, dada. Huo ulianguka mlangoni kabisa."

Mpimaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba radhi, akaomba tena, mama mdogo akamwambia anywe chai. Ndipo akaahidi jambo moja aliloliweza: angelipaka bonde hili nyekundu iliyokolea, mnara uletwe hapa, na lisije likampata mtu mwingine lililompata Chiriku. Akainuka palepale, akasimama katikati ya ua na kuwasha kipimo.

Mshale ukaenda mpaka mwisho. Akakizima, akakipiga kofi, akakiwasha tena karibu na jiko, kisha nyuma ya nyumba, kisha kule shimoni. Kila mahali mshale ulijaa pomoni. Simu yake mkononi haikuwa na hata kistari kimoja, lakini udongo wa bonde lile ulikuwa umelewa jumbe za watu, na kipimo kilikuwa kikizihesabu zote kuwa mtandao. Kanuni za ofisi zilisema kinachosikilizwa ni kipimo. Simu ni mali ya mtu binafsi.

"Kinasemaje?" aliuliza mama mdogo.

"Kinasema mna mtandao kuliko mjini."

"Aa. Basi hongera zetu."

Pamoja na hayo alipaka nyekundu. Akajaza jumbe kwenye mfuko, za majirani waliokubali kuzitoa, akazimwaga mezani kwa mkuu wa kitengo. Mkuu alikuwa mtu muungwana, hakuona ajabu. Alivaa miwani, akachagua mmoja, akausikiliza hadi mwisho. Ulikuwa wa mama aliyekuwa akiita gari la wagonjwa.

"Sauti safi kabisa," alisema. "Hata zangu za nyumbani hazinifikii hivi. Unaona sasa? Kutumwa zimetumwa, kufika bondeni zimefika. Hapo mtandao hauna kosa. Watu ndio hawapokei." Akachukua kalamu ya kijani na kulipaka bonde kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, bila kutoka nje ya mstari. Kisha akamsogezea ramani aweke sahihi. Mpimaji alimtazama, akaitazama kalamu, akawaza watoto wake na ada zao. Akaweka sahihi. Hilo nalo atalijutia mpaka anaingia kaburini.

Mnara ukasimamishwa kilimani, kwenye nyumba zenye mageti, ubavuni mwa mwingine uliokuwepo, labda ili isione upweke. Ofisi ikatoa tangazo kwamba ambaye hajaridhika awasilishe malalamiko yake kwa mtandao.

Mpimaji hakuwa na uso wa kushuka bondeni kulieleza jambo hilo, basi akalieleza kwa simu. Alituma kabla ya kazi na baada ya kazi. Alieleza habari ya mkuu, ya kalamu, ya sahihi, akaomba radhi kwa mama, akaomba radhi kwa Chiriku, akakumbuka kitu alichosahau kukiombea radhi, akatuma tena. Tiki moja, tiki moja. Safari hii alijua zinakokwenda, na kwa namna fulani hilo lilimpa nafuu.

Alipopata moyo wa kwenda, alimkuta Chiriku uani ameinama, akifagia toka ukutani kuja mlangoni. Rundo lilikuwa limemfika magotini. Ufagio ulipoligusa, lilisema samahani, samahani, kwa sauti ya mpimaji, juu ya sauti ya mpimaji. Chiriku alinyoosha mgongo, akajipangusa jasho.

"Dada," alisema, bila ubaya wowote, "habari zako tuletee tu, tutazisikiliza. Ila hizi za kuomba radhi punguza. Mama mgongo unamuuma, na anayefagia ni mimi."