Mji Niliompa Kerubo

Mwaka 2003 mjukuu wangu Kerubo alinipakia garini Carrollton, tukashika njia ya kwenda Alief, Houston. Tulikuwa tunakwenda kumwona Josiane, rafiki yake Mkongo, nesi kama yeye. Ni mwendo wa saa nne, nami kimya sikiwezi. Nikaanza vitendawili, kama tulivyocheza akiwa mdogo.

"Kitendawili!"

"Tega, Nyanya."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai! Nyanya jamani, hicho unakitega tangu nikivaa nepi."

"Haya, tega wewe, mjuaji."

Malori matatu yakatupita. Aliushika usukani kama anayejifunza kuendesha.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mpenzi. Anatwanga sombe ya majani ya muhogo, anaimba kwaya, na si mwanaume. Ni nani?" Akatazama kioo cha pembeni. "Baba alinikataza nisikwambie. Eti moyo wako utasimama, na nyumbani kwako sitakanyaga tena."

Moyo wangu haukusimama. Jibu nililijua tangu Krismasi kule Carrollton, Josiane alipomfunga Kerubo skafu shingoni, wakasahau kabisa kwamba nimeketi pale.

Nikamkumbuka dada yangu mkubwa. Naye alimpenda mwanamke. Alizeeka na siri hiyo, akazikwa nayo, na sisi tulioijua tulitazama kando tukachambua mboga. Leo mtoto niliyemwogesha kwenye karai anaitamka jua likiwaka, tena kwa maili sabini kwa saa! Nilimtazama kama mtu anavyotazama radi ikipiga mlimani. Hata mwili ulinisisimka.

"Nyanya? Umeshindwa?" Akanitupia jicho. "Kama umeshindwa, nipe mji."

Ndiyo desturi: anayeshindwa humpa mtegaji mji, mtegaji aende huko, ndipo atoe jibu. Ningeweza kujibu. Lakini nilitaka aliseme kwa kinywa chake, akiwa mahali pake.

"Nimeshindwa. Nakupa Keroka."

"Keroka... kwako?"

"Kwangu. Na jiko, na kuku, na kile kitanda kinacholia. Chukua."

Akasimamisha gari kando ya barabara, akalia hadi kioo kikaingia ukungu.

"Nimekwenda Keroka," akasema mwishowe. "Nikala, nikalala. Jibu ni Josiane."

Alief, Josiane alitufungulia mlango, mikono imemganda kifuani.

"Jambo, koko. Mulisafiri muzuri?"

Koko kwao ni nyanya. Sikungoja karibu. Nilivua viatu nikapitiliza jikoni, kama niingiavyo kwa wajukuu wangu wote, nikafunua sufuria.