Amina ya Baba Cuthbert

Mimi Veneranda ni mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika hapa Mbuji, na kwa kubisha hodi sina mpinzani. Nimebisha kwa walevi, kwa waliokimbia ndoa, kwa wale wanaojificha uvunguni wakiona kitambaa changu cha kichwa. Wengi nimewarudisha. Mmoja tu amenishinda, na huyo nalala naye kitanda kimoja.

Mume wangu Izidori aliacha kuja jumuiya tangu mvua za mwaka juzi. Kila Jumamosi alfajiri, sisi tukienda kusali kwenye nyumba ya zamu, yeye anashika ndoo na kuelekea kwenye kahawa. Nilimsema, nikamnunia, nikamnyima hata chumvi kwenye mboga. Wapi! Huko ninakopita watu wananiuliza, "Na mzee hajambo?" huku wanatabasamu pembeni. Jamani, aibu ile inauma. Unamwambia mume wa mwenzio arudi kundini, wako yuko shambani anapiga mluzi.

Hapo ndipo Winnie, mke wa mwanangu Cuthbert, akaja na mambo ya WhatsApp. Akaanzisha kundi la jumuiya, na kila jioni anasoma Injili kwa sauti na kuituma.

"Mama, msimu wa kahawa watu wanachoka," akaniambia. "Wasikilize wakiwa jikoni."

Nikamwambia Yesu hakutuma sauti, alikwenda kwa miguu. Akacheka, akasema, "Ndiyo, mama," halafu akaendelea vilevile. Mimi kwenye kundi hilo nikakataa kuingia.

Siku moja niliwahi kurudi kutoka kwenye hodi zangu, maana kila nyumba watu walikuwa shambani wanachuma. Nikiwa bado njiani nikasikia sauti ya Winnie nyuma ya nyumba yetu, anasoma habari za Zakayo. Lakini Winnie mwenyewe nilikuwa nimempita kisimani. Nikazunguka. Izidori amekaa kando ya mashine ya kumenyea kahawa, simu ya zamani ya Cuthbert ameigandamiza sikioni, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Ikiisha anabonyeza, inaanza upya.

Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa ile sauti yangu ya msibani. Hola. Nikamshika bega, akashtuka nusura aangushe simu kwenye ndoo ya maji.

"Baba Cuthbert, husikii?"

"Hili sikio la kulia bado linasikia kidogo," akasema taratibu. "La kushoto limekwisha. Mkiwa wengi nasikia kelele tu, kama mvua kwenye bati. Siku ile zamu ilipokuwa kwa jirani yetu Urbani, niliitikia Amina wenzangu wameshamaliza. Watu wakacheka. Wewe ulikuwa mbele, umefumba macho unaomba."

Nilikaa chini palepale kwenye maganda ya kahawa. Muda wote huo namgombeza mtu anayepata nusu ya maneno. Nikaona huruma, nikaona na hasira, nikakosa nianze na ipi. Nikaanza na hasira, na Winnie alipotoka kisimani nikamfuata jikoni.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Baba alinikataza. Alisema ungemtangaza kanisani."

Na ni kweli, ningemtangaza.

Winnie akasema basi tumwache asali na simu yake, ameshapata njia. Nikasema hapana. Neno amelipata, lakini simu haimletei Urbani wa kukaa naye, wala uji wa kunywa na wenzake baada ya sala. Wazee wetu walikula pamoja kwenye sengu, baraza la ukoo, na aliyekuwa na shida alionekana palepale kabla hajasema. Mambo mengine ya zamani yana akili yake.

Winnie akafikiri kidogo. "Basi nitamtumia somo siku moja kabla, aje ameshalishika. Na atakayesoma akae upande wa sikio lake zima."

Hapo tukapatana, mimi na mkwe wangu, kwa mara ya kwanza tangu kundi lianze.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu. Izidori alishika ndoo kama kawaida, nikamnyang'anya. Akakaa katikati, Urbani kulia kwake akisoma, na maombi tukatoa mmoja mmoja. Sala ya mwisho tukaitikia wote, Amina. Kisha pakawa kimya. Safari hii sikufumba macho. Niliwaangalia wote, hasa wale wenye meno mepesi ya kuonyesha.

"Amina," akasema Izidori, peke yake.

Hakuna aliyecheka. Uji ukaletwa, akanywa vikombe viwili huku akilalamikia bei ya mbolea, na mimi nikaenda jikoni kulia kidogo, nikarudi.

Mwezi uliopita Padre alitutembelea. Akamaliza sala, tukaitikia, akavuta pumzi aanze wimbo. Urbani akamgusa mkono.

"Padre, subiri kidogo," akamnong'oneza. "Bado mmoja."